Siku Mama Yake Alipokuja Kutazama Ndege

Jumamosi ile ilikuwa ya mwisho kwangu Mahurunga, na niliitaka iwe yetu wawili tu, mimi na Sudi. Nilikuwa nimeipanga kichwani tangu Jumatano, siku barua yangu ya uhamisho ilipofika. Tungeingia mtoni alfajiri, tungehesabu ndege kama tulivyozoea, kisha tungekaa juu ya fungu la mchanga tule ming'oko yetu, vile viazi vya porini, bila haraka. Jumatatu tungepanda basi pamoja.

Lakini niliposikia pikipiki inanguruma nje ya nyumba za walimu, nikatoka na darubini shingoni, nilimkuta Sudi ana uso wa mtu aliyekesha.

"Yusta, Mama anakuja nasi."

"Anakuja wapi?"

"Kwenye ndege. Nimeshampeleka, amekaa kwenye mtumbwi anatusubiri. Jana nilimwambia yote. Uhamisho, Jumatatu, kwamba tutaoana bomani hukohuko kwenu. Yote."

"Akasema nini?"

"Alimaliza kula, akanawa mikono. Halafu akasema, 'Kesho nataka nikawaone hao ndege wanaokuchukua kila Jumamosi.'"

Nikapanda nyuma yake. Njiani mikorosho ilinuka salfa. Ulikuwa ni mwanzo wa kiangazi, mvua zimekwisha, na watu wote walikuwa wakipulizia dawa mikorosho yao. Mikono ya Sudi nayo ilikuwa ya njano mpaka kwenye viwiko. Nilimshika kiuno kwa nguvu kuliko siku zote, naye hakuniuliza kwa nini.

Nililetwa Mahurunga kufundisha Biolojia nikiwa na miaka ishirini na sita. Kwetu ni Karagwe, baba yangu ni katekista, na kabla ya kupangiwa kule sikuwa nimewahi kuiona bahari. Mwaka wa kwanza upweke ulikuwa unaniamsha kabla ya adhana. Si kwamba watu walikuwa wabaya. Walinisalimia, waliniletea mihogo, waliniuliza habari za kwetu. Lakini jioni kila mtu alirudi kwa watu wake, nami nilirudi kwenye chumba chenye kitanda, ndoo mbili na jiko la gesi. Kuna majuma niliyokuwa naongea darasani tu, na Ijumaa mchana nikitoka darasani najua sauti yangu sitaisikia tena mpaka Jumatatu.

Ndiyo maana mtu wa hifadhi ya bahari alipokuja shuleni kuomba mwalimu wa kujitolea, wa kuhesabu ndege mto unapoingia baharini mara moja kwa wiki, nilinyoosha mkono kabla hajamaliza maelezo. Alinipa darubini kuukuu na rundo la fomu. Juma la pili nikazama kwenye tope la mikoko mpaka mapajani. Nilianza kulia. Ndipo sauti ya mwanamume ikaniambia kutoka kwenye mtumbwi, kwa utulivu kabisa:

"Usipige mateke, Mwalimu. Ukipiga mateke linazidi kukuvuta. Lala kifudifudi kama unaogelea."

Nikalala kwenye tope na sketi yangu ya kazini. Ndivyo nilivyokutana na Sudi Hemedi. Tangu siku hiyo sikuhesabu ndege peke yangu tena.

Mama yake alikuwa amekaa katikati ya mtumbwi, kanga mbili, mikono imekunjwa mapajani. Kila mtu alimwita Mama Ismaili, kwa jina la mwanawe wa kwanza. Huyo Ismaili alivuka Ruvuma miaka mingi iliyopita, akaoa ng'ambo, na sasa alipiga simu siku za Idi tu. Mzee Hemedi alifariki miaka minne nyuma. Aliyebaki nyumbani ni Sudi.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, Mwalimu. Umeamkaje?"

"Salama, Mama. Karibu."

"Karibu wapi, na mtumbwi ni wetu?" alisema. Sikujua kama nicheke. Sudi alicheka kidogo, akashika upondo, akausukuma mtumbwi kwenye mkondo.

Maji yalikuwa yakipwa, na mizizi ya mikoko ilianza kujitokeza pande zote mbili. Nilikaa mbele, nikifungua fomu yangu magotini ili nipate kitu cha kutazama. Nilihisi mama yule ananisoma mgongo.

Mara akasema, "Sululu."

Nikainua kichwa. Sikuona kitu. Kisha nikasikia, mbali, upande wa baharini, ule mluzi wa ndege huyo, wa haraka haraka, unaoshuka kama mtu anayekimbia ngazini.

"Yuko peke yake," aliendelea Mama Ismaili. "Na hapo kwenye tope kuna vitwitwi. Wanne. Au watano, mmoja hapigi kelele."

Nikaweka darubini machoni. Walikuwa watano.

"Mama!" nilisema, nikasahau hofu yangu. "Umejuaje?"

"Nimezaliwa hapa. Nyinyi mnaandika, sisi tunasikia."

Sudi alinitazama juu ya kichwa cha mama yake. Macho yake yalijaa furaha kama ya mtoto. Nilijua anachowaza, kwamba labda hawa wawili watapatana. Nilimpenda sana dakika ile, nikaogopa.

Tulifika kwenye fungu. Wakati mwingine wa mwaka, Desemba au Januari, fungu lile huwa limejaa mpaka huoni mchanga, maelfu ya ndege waliokuja kutoka kaskazini. Mwezi wa sita ni tofauti. Wakubwa wote wameshaondoka tangu Aprili kwenda kutaga. Wanaobaki ni wale wachanga ambao bado hawana nguvu za safari ile. Hukaa kiangazi chote wakitembea kwenye mchanga mtupu, mmoja hapa, watatu kule. Nilihesabu vitwitwi sitini na wawili, sululu kumi na mmoja, heroe hakuna. Sudi aliandika, mimi nikitaja. Sauti zetu zilikwenda mbali kwa sababu hapakuwa na kitu cha kuzizuia.

Maji yaliendelea kutoka, na Sudi akaona mtumbwi utakwama.

"Ngoja niuzungushe upande wa pili penye kina," alisema. "Sitachukua muda mrefu. Mama, utakaa na Mwalimu?"

"Kwani ataniuma?"

Sudi akaenda. Tulimsikia akiukokota mtumbwi, kisha upondo ukigonga maji, kisha hatukusikia kitu. Nilijua sasa ndiyo sasa. Kwa kukosa la kusema, nikavua darubini shingoni.

"Mama, ungependa kuwaona kwa hii? Inawaleta karibu kabisa."

Akanyoosha mkono. Ulipapasa hewani kidogo kabla haujaishika. Akaiweka machoni, akaielekeza mbele, akakaa hivyo muda mrefu.

"Wazuri," akasema. "Weupe. Kweli inawaleta karibu."

Nikamtazama. Darubini ilikuwa bado na vifuniko vyake. Nilivifunika mwenyewe baada ya kumaliza kuhesabu, ili mchanga usiingie, na kwa wasiwasi wangu nilisahau kuvitoa. Mtu yeyote angeona giza tupu, angeniambia, wewe mbona hii haioneshi kitu?

"Mama," nilisema polepole. "Ni tangu lini huoni?"

Hakushtuka. Aliishusha darubini, akavipapasa vile vifuniko kwa kidole gumba, kimoja, kisha cha pili. Akaelewa.

"Tangu korosho za mwaka juzi," alisema. "Lilianza la kushoto. Ukungu tu. Sasa na la kulia linakwenda. Nakuona wewe kama kivuli cha mtu mlangoni."

"Sudi anajua?"

"Hajui."

"Mama, mnaishi nyumba moja!"

"Nyumba nimeijenga mimi na baba yake. Najua kisima ni hatua mia mbili na kumi. Chumvi iko kushoto, sukari kulia. Uzi wa sindano namwambia anitungie, namwambia mikono inatetemeka. Mwanamume haulizi mambo ya sindano."

Nilishindwa kujizuia, nikamshika mkono. Aliuacha.

"Hii inatibika, Mama. Ni mtoto wa jicho, nina hakika. Mtwara mjini wanatoa. Siku mbili tatu umerudi."

"Dada yangu alipasuliwa jicho, zamani. Likaharibika moja kwa moja. Usinieleze habari ya kupasua." Akavuta kanga. "Nisikilize sasa, kabla hajarudi. Sikuja kwa ajili ya ndege. Nimekuja kukwambia jambo, nikwambie mwenyewe, usilipate kwa watu. Baraka yangu siwezi kukupa. Wewe una dini yako, baba yako ni mtu wa kanisa, na sitakuomba uiache, maana mwanangu angeombwa hivyo ningelia. Lakini na mimi siwezi kusimama mbele ya watu nikasema nimefurahi. Uongo huo siuwezi."

"Naelewa, Mama."

"Hujaelewa, sijamaliza. Sitakupa baraka, lakini sitamzuia. Ismaili nilimzuia. Nililia, nikamwambia nitakufa, nikajilaza chini mlangoni. Akaniruka akaenda, na mpaka leo akipiga simu namsikia ananiogopa. Sudi akikaa, nataka akae kwa kuwa amependa kukaa. Sitaki kumfunga mtoto kwa macho yangu. Umenisikia? Jumatatu mwende. Tumaini, jirani yangu, atanichotea maji."

"Na ukianguka kisimani?"

"Basi nimeanguka." Aliugeuza uso kwangu, na kwa mara ya kwanza nikaona ule weupe uliokuwa katikati ya mboni, mwembamba kama tui. Siku zote nilikuwa nikiinamisha kichwa mbele yake kwa adabu, sikuwahi kumtazama. "Usimwambie. Niahidi."

Nilifungua mdomo. Nilichotakiwa kusema ni neno moja tu. Ningelisema, Jumatatu ningekuwa na mume. Ningefika kwa baba yangu na mwanamume niliyempenda. Tungegombana na baba mwezi mmoja, miwili, mwishowe angezoea. Ningelala usiku nikisikia mtu mwingine anapumua chumbani.

"Nimekusikia, Mama," nilisema.

Sikusema zaidi, na upondo wa Sudi ukaanza kusikika.

Tulikula ming'oko tukiwa tumekaa mchangani. Mama Ismaili alimenya yake kwa ustadi, hakudondosha hata ganda. Sudi alisimulia jinsi nilivyozama kwenye tope, akaniigiza nilivyolia, na mama yake akacheka hadi akajifuta machozi kwa ncha ya kanga. Nami nilicheka. Nilikuwa nikimtazama Sudi tu. Alikuwa na kovu dogo kidevuni ambalo sikuwahi kumuuliza lilitoka wapi, nikasema moyoni nitamuuliza, halafu sikumuuliza.

Tulirudi mikokoni saa tano. Sudi akamshusha mama yake, akamkalisha kwenye kivuli, akarudi kunisaidia kuvuta mtumbwi. Tulikuwa mbali naye kiasi cha kutosikika.

"Umeona?" alininong'oneza, amejaa furaha. "Amecheka, Yusta! Yule mama hajacheka tangu Baba afariki. Mlisemezana nini kule?"

"Sudi, acha kamba kwanza."

"Kuna nini?"

"Mama yako haoni."

Alitabasamu kama mtu anayengoja mwisho wa utani. "Haoni nini?"

"Haoni. Jicho la kushoto limekwisha, la kulia linamalizika. Mwaka na nusu sasa. Nimempa darubini imefunikwa, akaniambia ndege ni weupe. Amenikataza kukwambia."

"Si kweli. Mama anapika. Anafagia. Juzi alikuwa ananitungia..." Nilimwona akitafuta kichwani. "Hapana. Mimi ndiye niliyemtungia uzi. Simu ya Ismaili, nilimsomea mimi jina. Mwezi wa Ramadhani alitia chumvi kwenye uji, mimi nikamcheka. Nilimcheka, Yusta."

Akachuchumaa palepale kwenye maji, mikono ile ya njano usoni. Sikuthubutu kumgusa, mama yake asije akasikia ukimya wetu akajua.

"Kwa nini umeniambia?" aliuliza. "Ungenyamaza siku mbili. Siku mbili tu. Tungekuwa tumeshakwenda."

"Na baadaye?"

"Baadaye tungejua la kufanya!"

"Ungepigiwa simu na jirani. Ungenigeukia uniulize, Yusta, ulikuwa unajua? Ningekujibu nini?"

Kwa mbali Mama Ismaili alikohoa, akatuita tusikae juani.

"Ahirisha basi," Sudi alisema, amesimama. "Kaa mwezi mmoja. Nimpeleke hospitali, apone, twende."

"Siwezi, na unajua. Mwalimu niliyebadilishana naye kituo ameshafika, chumba changu Jumatatu ni chake. Nisiporipoti Julai mosi nakosa huku na nakosa kule."

"Basi tangulia. Akipona nakuja. Wallahi, Yusta, nakuja."

"Usiniahidi leo."

"Kwa nini nisikuahidi?"

"Kwa sababu nitakungoja."

Alinitazama. Kwa miaka miwili macho yale ndiyo yaliyokuwa nyumbani kwangu Mahurunga, na sasa niliona yameshagawanyika, nusu kwangu, nusu kule kivulini. Sikuweza kuyalaumu. Kama yangeweza kumwacha mama yake kirahisi, ningeyapenda hivyo? Alinishika mkono chini ya ukingo wa mtumbwi, mahali pasipoonekana, akaukandamiza mpaka ukauma. Kisha akaenda kwa mama yake. Nilimwona anapiga magoti mbele yake. Sikusikia maneno. Niliona tu Mama Ismaili akiinua kichwa kwa ghafla na kuugeuza uso upande wangu, ule uso usioniona, na nikajua amejua.

Hakuniaga siku ile. Nilirudi shuleni kwa miguu.

Jumapili Sudi alimpeleka Mtwara. Aliniandikia ujumbe mmoja: wamepokewa, daktari wa macho amesema wamewahi. Nami nilishinda nikifunga vitu vyangu. Vilikuwa vichache kuliko nilivyodhani. Mwalimu mpya, kijana mmoja aitwaye Goodluck, alikuja kuangalia chumba, akaniuliza watu wa hapa wakoje. Nikamwambia ni watu wazuri. Nikamkabidhi fomu za ndege, nikamwonyesha safu ya sululu na safu ya vitwitwi. Alisema atajaribu, kwa sauti ya mtu ambaye hatajaribu.

Jumatatu nilipanda basi la asubuhi, peke yangu. Nilikuwa nimemwambia Sudi asije kunitafuta stendi ya Mtwara, basi litakapopita. Alitii, na kwa ujinga wangu niliumia kwamba alitii. Niliangalia dirishani mpaka geti la stendi lilipotupita.

Tulikuwa tunaingia Mikindani simu yangu ilipoita. Namba ilikuwa ngeni.

"Mwalimu?"

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Nimemwomba nesi anipigie. Sudi amekwenda kutafuta chai, nataka nimalize kabla hajarudi." Alivuta pumzi. "Nilikukataza."

"Ulinikataza, Mama. Nisamehe."

"Nimekukasirikia sana. Jana njia nzima sikumsemesha mtu. Usiku nimelala hapa wodini nikawa nawaza. Nikasema, huyu binti alikuwa ameshampata. Alikuwa anyamaze tu." Akashusha sauti. "Hata mimi, ningekuwa na miaka yako, ningenyamaza."

Nilifuta macho kwa kiganja. Abiria wa kando yangu aligeukia upande mwingine kwa heshima.

"Upo?"

"Nipo, Mama."

"Kesho wananipasua la kulia. Naogopa. Sudi sijamwambia kama naogopa, usimwambie." Kisha kwa mbali nikamsikia akicheka kwa pua. "Wewe ndiye wa kuambiwa usimwambie! Haya. Kuna jambo nataka."

"Sema, Mama."

"Niombee. Omba hivyo unavyojua wewe, kwa dini yenu. Na ukifika unipigie mimi, nijue umefika."

"Nitakuombea, Mama. Nitakupigia."

"Safari njema, mwanangu."

Simu ikakatika. Nje minazi ya Mikindani ilikuwa inapita, na maji ya ghuba yalikuwa yamejaa, yametulia. Niliegemeza paji la uso kwenye kioo, nikafumba macho, nikamwombea Mama Ismaili jicho lake. Nilimwombea kwa Kinyambo, lugha ya mama yangu, ambayo kwa miaka mitatu sikuwa nimepata mtu wa kuzungumza naye.